KUKABIDHIANA MTOTO SIKU ZA IDD NA LIKIZO
Somo katika hadhana: namna amri ya malezi ibadilikavyo, na faida ya kuwa na mwangalizi

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu yangu msomaji, mara ngapi tumeona, siku mbili tatu kabla ya Idd, mtoto amesimama baina ya watu wazima wawili, huyu amemshika mkono wa kulia na yule amemshika wa kushoto, na kanzu yake mpya ingali ndani ya mfuko? Baba asema, "Mwaka jana alikuwa kwako, mwaka huu ni wangu." Mama asema, "Hakimu hakutaja Idd, alitaja likizo." Watu wa mtaa wamewazunguka, mwenye kucheka acheka na mwenye kusikitika asikitika. Yule mtoto haulizwi neno.

Somo hili tumeliandika kwa ajili ya jambo hilo. Hatutaki kurejea habari ya nani mwenye haki zaidi ya kulea, kwani hayo yamekwisha somwa sana katika darasa za fiqhi. Tunayotaka kueleza ni kwamba amri ya malezi ikisha kutolewa hugeuzwa kwa njia yake, si kwa mkono wa mtu mwenyewe. Na kwamba mtoto anapotoka kwa mzazi mmoja kwenda kwa mwingine siku za mapumziko, yafaa awepo mtu wa tatu mwaminifu. Tumewaelekea wanaume wa mwambao, wa bahari na wa ziwa, kwa sababu wao aghlabu ndio wajao kumchukua mtoto, na wao ndio waonao haya kusimamiwa.

FASILI: KISA CHA ASIM

Imamu Malik amepokea katika Muwatta ya kuwa Sayyidna Umar bin Khattab alikuwa na mke katika wanawake wa Ansari, akamzalia mtoto mwanamume jina lake Asim, kisha wakaachana. Siku moja Umar alikwenda Quba, akamwona mwanawe anacheza katika uwanja wa msikiti. Akamshika mkono, akampakia mbele yake juu ya mnyama wake. Bibi wa yule mtoto akamdiriki, akamzuia, wakashindana hata wakafika mbele ya Sayyidna Abubakar, naye wakati huo ndiye Khalifa. Umar akasema ni mwanangu. Yule mwanamke naye akasema ni mwanangu. Abubakar akaamuru mtoto aachwe kwa yule mwanamke. Na Umar hakurejesha neno.

Hatusemi, na tunajilinda kwa Mwenyezi Mungu tusiseme, kwamba Umar alitaka kudhulumu. Alimwona mwanawe, na moyo wa baba ukamsukuma. Lakini tazama: hapakuwa na saa iliyowekwa, wala mahali palipotajwa, wala mtu wa kusema, "Leo ni siku yake, mchukue, umrejeshe siku fulani." Mapenzi yalikuwapo, makabidhiano hayakuwapo, kwa hiyo mambo yakaishia kwa Khalifa. Na mtu wa daraja ya Umar alipoambiwa amwache, alimwacha. Sisi leo mtu huambiwa na karani wa baraza angoje mpaka Jumatatu, akaghadhibika na kuapa kuwa hapana wa kumtenga na damu yake.

Na asidhani mtu kuwa mtoto akikulia kwa jamaa za mama yake basi amempotea baba. Asim yule yule alikua, akaoa, akazaa binti. Na binti yule ndiye mama wa Umar bin Abdulaziz, khalifa ambaye hata wasiokuwa wapenzi wa Banu Umayya wamemsifu kwa uadilifu.

Kisa cha pili ni cha binti wa Hamza, nacho kimo katika Sahihi ya Bukhari. Mtume (S.A.W.) alipokuwa akitoka Makka mwaka wa 7 wa Hijra, baada ya Umra ya Kadha, msichana huyo mdogo aliyefiwa na baba aliwafuata nyuma akimwita ami yake. Sayyidna Ali akamshika mkono, akampa Bibi Fatima. Kisha wakashindana watu watatu. Ali alisema kwamba yeye ndiye aliyemchukua, naye ni binti wa ami yake. Jaafar alisema kwamba ni binti wa ami yake pia, na mama mdogo wa yule msichana ni mkewe. Zaid alisema kwamba ni binti wa ndugu yake, kwani Mtume alikuwa amewafunga udugu yeye na Hamza. Mtume akamhukumia mama mdogo, akaeleza kuwa ndugu wa mama yu mahali pa mama. Lakini hakuwaacha wale wengine wakaondoka wamevunjika. Alimwambia kila mmoja neno la kumtukuza. Mwenye kuamua habari za watoto na azingatie sana jambo hili. Mtu aliyekosa mtoto katika hukumu ana jeraha, na mtu mwenye jeraha akitoka hali amefedheheshwa mbele ya watu, ndiye atakayekuja usiku kumchukua mtoto kwa mtumbwi.

FASILI: HUKUMU YA MALEZI SI KAMA HUKUMU YA SHAMBA

Kadhi akikuhukumia shamba, limekuwa lako, na watoto wako watalirithi. Hukumu ya malezi haiko hivyo. Hiyo hufuata hali ya mtoto, na hali ya mtoto hugeuka kila mwaka. Wanachuoni wetu wa madhehebu ya Imamu Shafii wameliona hili zamani. Mama ana haki ya kumlea mdogo muda hajaolewa na mtu mwingine. Akiolewa na mtu asiye na haki katika malezi ya mtoto yule, haki yake husimama, akiachwa, humrudia. Mtoto akifika umri wa kupambanua, nao aghlabu ni miaka 7, huhiyarishwa baina ya baba na mama, kama ilivyopokewa kwamba Mtume alimhiyarisha mvulana naye akamshika mama yake mkono. Na Imamu Nawawi katika Minhaj ameandika kwamba mtoto akimchagua mmoja, kisha baadaye akamchagua mwingine, huhamishwa. Tazama wasaa huo! Mtoto mwenyewe aweza kuwa sababu ya amri kugeuka, wala haambiwi kuwa amekwisha chagua, basi anyamaze.

Na katika kitabu hicho hicho imo habari ya kuzuru. Mvulana aliyemchagua mama hulala kwa mama, na mchana huwa kwa baba, amfundishe na kumpeleka chuoni au kwenye kazi. Aliyemchagua baba hazuiliwi kumzuru mama yake. Mtoto akiugua, mama ndiye mwenye haki zaidi ya kumuuguza. Na mmoja wa wazazi akisafiri safari ya haja, mtoto hukaa na yule aliyebaki mpaka mwenziwe arudi. Ama safari ya kuhama, hiyo ina maneno yake, na sharti mojawapo ni njia iwe ya amani. Tulikumbuke neno hilo la njia, maana tutalirejea tukifika ziwani.

FASILI: SHERIA YA NCHI

Mtu akisema, "Mimi nafuata Kitabu na Sunna, sheria ya Serikali ina nini nami?" tutamjibu kuwa katika Tanzania bara hapana mahakama ya kadhi ya Serikali tangu mahakama zilipounganishwa miaka ya 1960. Unguja na Pemba iko, na siku hizi inaendeshwa kwa Sheria Na. 9 ya mwaka 2017; na Kenya iko, imetajwa katika Ibara ya 170 ya Katiba ya mwaka 2010. Lakini mtu wa bara, awe wa Bagamoyo au wa Kirando, amri ya malezi itakayomfunga yeye na kumfunga mtalaka wake hutoka kwa hakimu. Shekhe aweza kusuluhisha, na baraza la usuluhishi la Waislamu laweza kusikiliza. Maneno yao ni ya heri, lakini hayana askari wa kuyatekeleza.

Na mwenye kuisoma Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ataona kuwa haikwenda mbali sana na yale tuliyoyataja. Kifungu cha 125 chasema la kutazamwa kwanza ni maslaha ya mtoto. Kisha matakwa ya wazazi, na matakwa ya mtoto mwenyewe akiwa wa umri wa kutoa rai yake, na desturi za jamii yao. Mtoto wa chini ya miaka 7 hudhaniwa kuwa kheri yake ni kukaa na mama, na dhana hiyo yaweza kuvunjwa kwa ushahidi. Hiyo miaka 7 ni ile ile ya fukahaa wetu. Na kifungu hicho chamtaka hakimu akumbuke ubaya wa kumtikisa mtoto kwa kumhamisha-hamisha.

Kifungu cha 126 ndicho kinachotuhusu katika likizo. Hakimu akimpa mzazi mmoja malezi, aweza kutia masharti: mtoto akae wapi, asome vipi, alelewe katika dini gani, amzuru lini yule mzazi mwingine na kwa muda gani. Aweza pia kukataza mtoto asitolewe nje ya Tanzania. Na kifungu cha 133 ndicho mlango wa kubadilisha. Chasema mahakama yaweza wakati wowote kuigeuza au kuifuta amri ya malezi au ya matunzo, mtu mwenye kuhusika akiomba, iwapo amri ilijengwa juu ya habari za uongo au kosa la kutojua mambo yalivyo, au hali imebadilika mabadiliko makubwa.

Watu wengi huchanganya hili na rufaa. Mwenye kukata rufaa asema, "Hakimu alikosa." Mwenye kuomba mabadiliko asema, "Hakimu hakukosa. Lakini mambo ya leo siyo ya siku ile." Neno hili la pili ni jepesi kwa hakimu kulisikia, na ni jepesi kwa mama wa mtoto kulipokea, kwa kuwa halimshitaki mtu.

Tena iko Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Hiyo yampa mtoto wa wazazi walioachana haki ya kumzuru yule mzazi asiyekaa naye na kukaa kwake, maadamu masomo yake hayaharibiki. Zingatia: ni haki ya mtoto. Baba asemapo "haki yangu ya kumwona mwanangu", na mama asemapo "haki yangu ya kumzuia", wote wawili wamesahau mwenye mali. Na sheria hiyo hiyo yakataza mtu kumwondoa mtoto kinyume cha sheria kutoka kwa yule mwenye malezi yake. Ubaba haukutoi katika katazo hilo.

FASILI: MFANO WA MTU WA KIRANDO

Sasa tufanye mfano, upate kuona jambo lenyewe. Si mtu tunayemjua; ni mfano tu, ijapokuwa wako wengi wanaofanana naye.

Mtu mmoja wa Kirando, pale ufukoni mwa Ziwa Tanganyika katika wilaya ya Nkasi, ana mashua na nyavu, apata riziki yake kwa dagaa na migebuka. Alimwacha mkewe mtoto wao akiwa na miaka 4. Hakimu akaamuru mtoto akae na mama, na baba amchukue wakati wa likizo. Siku ile mama alikuwa anakaa mtaa wa pili. Baba alikwenda kwa miguu, akabisha hodi, akampata mwanawe. Miaka minne ikapita. Mama akahamia Sumbawanga kwa jamaa zake. Mtoto sasa ana miaka 8, yuko darasa la pili, na jioni yuko chuoni anasoma Kurani. Mwaka mmoja baba alimrejesha amechelewa wiki tatu, shule imekwisha funguliwa. Mwaka uliofuata mama akakataa kumtoa. Baba akapanda gari mpaka Sumbawanga, akasimama mlangoni akipiga kelele, na mtoto akajificha uvunguni.

Amri ni ile ile ya siku ile, lakini ulimwengu wake umekwisha ondoka. Tuihesabu basi.

Kwanza ni njia. Kutoka Kirando kwenda Sumbawanga mtu hupanda kutoka bondeni mwa ziwa, apite Namanyere, afike juu nyanda za Ufipa. Likizo ndefu za shule ni za Juni na Desemba. Desemba ni mvua, na barabara za mlima mtu huzijua kwa matope yake. Juni ni kiangazi, na ndio wakati wa pepo kali za kusini ziwani. Kwa hiyo mwenye kupita nchi kavu ana taabu yake katika likizo moja, na mwenye kupita majini, kama mama angalikuwa amehamia Kigoma, ana taabu yake katika likizo nyingine. Amri isiyotaja la kufanya mtu akichelewa kwa mvua au kwa upepo, hiyo imewaachia wawili waliokwisha kasirikiana waamue nani mwongo. Yatosha kuandika maneno machache: mwenye kucheleweshwa apeleke habari kabla ya saa ya makabidhiano, kwa simu ya mwangalizi, na makabidhiano yawe kesho yake saa ile ile. Hapa ndipo lile sharti la njia ya amani linapopata maana yake. Baba aliye mvuvi ajua vizuri kuliko hakimu siku ambayo mtumbwi haupasi kutoka. Na aliapishe nafsi yake kuwa hatampakia mwanawe siku ambayo hangepakia nyavu.

Tena ng'ambo ya ziwa ni Kongo. Mama aogopa mtoto kuvushwa, na hofu hiyo si ya kuchekwa. Mtu wa ufukoni aweza kulala huku na kuamkia kule. Baba mwenye nia safi hapotezi kitu akiomba yeye mwenyewe sharti la kuwa mtoto hatavushwa liandikwe. Hofu ikiondoka, nusu ya ugomvi imeondoka.

Ama jambo la Idd, hilo ndilo watu walisahaulo kabisa. Mwaka wetu wa mwezi ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku 10 au 11. Idd el Fitr mwaka 2001 iliangukia Desemba, ndani ya likizo. Mwaka 2024 iliangukia Aprili, na mwaka 2025 iliangukia mwisho wa Machi. Basi amri isemayo "likizo ya Desemba" haikumpa baba Idd, wala haikumpa mama, haikusema lolote. Na amri isemayo "mwezi wa nne" itakuwa ya kweli miaka miwili, kisha itakuwa ya uongo. Idd itajwe kwa jina lake, na zigawanywe: mwaka huu Idd el Fitr kwa baba na Idd el Hajj kwa mama, mwaka ujao kinyume chake.

Na saa ya makabidhiano isitungikwe juu ya kuonekana kwa mwezi. Ikiwa imeandikwa "usiku wa kuamkia Idd", nani atajua ni usiku upi? Huyu atasema mwezi umeandama Zanzibar, yule atasema shekhe wetu hajatangaza, na mtoto atakaa juu ya sanduku lake mpaka saa nne ya usiku. Heri iandikwe mchana wa mwezi 28 Ramadhani, baada ya Adhuhuri. Siku hiyo haina shaka kwa wenye kufunga pamoja. Na wakikhitalifiana katika mwanzo wa mfungo, mwangalizi ataje tarehe moja mwanzo wa Ramadhani na wote waifuate. Idd el Hajj ni nyepesi, maana mwezi umekwisha julikana siku kumi nyuma.

FASILI: MWANGALIZI NI NANI, NA KAZI YAKE NI IPI

Kuna tofauti baina ya kusimamia makabidhiano na kusimamia ziara nzima. Kusimamia makabidhiano ni mtu wa tatu kuwapo mtoto anapotolewa na anaporejeshwa, basi. Katikati yake baba yuko na mwanawe, walale, wavue, waende kuswali, pasipo jicho la mtu. Kusimamia ziara nzima ni jambo zito zaidi. Hilo huwa pale panapokuwa na sababu ya kuogopa kuwa mtoto atadhuriwa. Ikiwa kuna kipigo au uchafu aliotendewa mtoto, hapo makabidhiano hayatoshi kuwa dawa, wala si mambo ya kusuluhishwa barazani; yapelekwe kwa afisa wa ustawi wa jamii na kwa dawati la jinsia na watoto la polisi, na mtoto asitolewe mpaka hakimu asikie.

Twarejea kwa yule baba asiye na tuhuma ila ugomvi. Atasema, "Je, mimi ni mwizi wa mwanangu, hata nichungwe?" Ndugu yangu, Mwenyezi Mungu katika Sura ya Nisaa amewaamuru walezi wa mayatima, wanapowakabidhi mali zao, waweke mashahidi. Hakuwaita wezi. Na katika Sura ya Bakara ameamuru deni la muda liandikwe, na hakuwatuhumu wenye kukopeshana. Ikiwa fedha za yatima hukabidhiwa mbele ya shahidi, mtoto mwenyewe ni mali gani hata akabidhiwe gizani? Huu ni upimaji wetu, na mwenye kuona mengine na atuongoze. Lakini sisi hatuoni njia ya kuukwepa. Na faida yake yakurudia wewe. Siku itakaposemwa kuwa ulimrejesha mgonjwa, au umechelewa, au hukuja kabisa, ni nani atakayekushuhudia ila huyo uliyemwonea haya?

Mwangalizi asiwe ndugu wa upande mmoja mwenye kinyongo. Awe imamu, au mwalimu wa chuo, au mtendaji wa kijiji, au afisa wa ustawi wa jamii akipatikana. Jina lake liandikwe katika amri, na naibu wake, maana hata imamu husafiri. Mwalimu wa shule watu hupenda kumtaja, wakasahau kuwa likizo shule imefungwa na mwalimu amekwenda kwao. Mahali pasiwe nyumbani kwa mmoja wao. Wala pasiwe bandarini, penye msukumano na mashua zinazoita abiria. Baraza ya msikiti baada ya sala, au ofisi ya kijiji, yafaa.

Kazi yake ni kuandika siku na saa, hali ya mtoto, na vitu alivyokuja navyo: nguo, dawa, kadi ya hospitali, msahafu wake. Wote wawili watie sahihi. Hapelekei mtu matusi, wala haamui nani ana haki ya siku zaidi. Akianza kuamua amekuwa kadhi, na makabidhiano yamekuwa kesi.

FASILI: NAMNA YA KUOMBA

Shauri la ndoa na malezi laweza kufikishwa Mahakama ya Mwanzo, na huko lugha ni Kiswahili tangu zamani. Mtu asiogope kuwa hatasikilizwa kwa kutojua Kiingereza. Aende pale amri ilipotolewa, na nakala ya amri mkononi. Yule baba wa mfano wetu angeweza kuandika hivi:

"Mimi, baba wa mtoto aliyetajwa katika shauri hili, naomba amri ya malezi ibadilishwe katika sehemu ya kuzuru tu. Siombi mtoto aondolewe kwa mama yake. Ilipotolewa amri, mtoto alikuwa na miaka 4 na mama yake alikaa Kirando. Sasa ana miaka 8, anasoma, na mama anakaa Sumbawanga. Amri haikutaja Idd wala mahali pa kukabidhiana. Nakiri kuwa mwaka mmoja nilimchelewesha wiki tatu na masomo yake yakaharibika. Naomba nimchukue nusu ya kwanza ya kila likizo ndefu, nimrejeshe siku saba kabla ya shule kufunguliwa; Idd mbili zigawanywe kwa zamu; makabidhiano yawe Namanyere mbele ya mwangalizi atakayetajwa na mahakama; na mtoto asivushwe ziwa kwenda nje ya nchi. Nauli ya mtoto kwenda na kurudi ni juu yangu."

Tumemchagulia Namanyere kwa kuwa iko katikati ya njia, kila mmoja ashuke au apande nusu yake. Na lile neno "nakiri" watu wengi watataka kulifuta. Wasilifute. Mama akisoma kuwa umekiri, hatakuwa na haja ya kuleta mashahidi wa kulithibitisha. Na hakimu akiona mtu akubali la kwake, husadiki na yaliyobaki.

Ikiwa wawili wataafikiana wenyewe kabla ya siku ya shauri, hilo ni bora zaidi, na sulhu ni kheri. Lakini makubaliano yao wayapeleke yaandikwe na mahakama. Sulhu ya mdomo hudumu muda wa mapatano, na mapatano ya watalaka mara nyingi hufika mpaka mmoja wao aoe au aolewe.

MAS-ALA

Mtu aliuliza: Mtalaka wangu amenizuia mtoto Idd mbili, je, nizuie matunzo mpaka amtoe? La. Matunzo ya mtoto ni deni juu ya baba kwa sharia yetu na kwa Sheria ya Ndoa, awe mtoto kwake au asiwe kwake. Mtoto hali chakula cha kesi. Wala mama naye hana ruhusa ya kuzuia ziara kwa sababu matunzo hayakuja. Kila moja lina mlango wake wa kudaiwa, na mwenye kufunga mlango mmoja kwa ufunguo wa mwingine amemdhulumu yule aliye ndani.

Mwingine aliuliza: Nimefika saa iliyowekwa, mwangalizi yupo, mama amemleta, lakini mtoto analia, hataki kuja, nifanyeje? Kaa chini. Usimvute, na usimwambie kuwa mama yake amemfundisha. Ongea naye hapo hapo barazani mbele ya mwangalizi, hata kama ni saa nzima, umuulize habari za chuo na za wenzake. Wala usimuulize habari za nyumba ya mama yake wala za aliyemwoa. Aghlabu mtoto wa miaka sita au saba hulia dakika ya kutengana, kisha husahau. Akikataa kabisa, mwache arudi na mama yake siku ile, mwangalizi aandike kuwa ulifika na kuwa hukumlazimisha, na uje tena kesho. Kama atakataa mara ya pili na ya tatu, hilo ndilo badiliko la hali linalostahiki kupelekwa kwa hakimu, naye amwite mtu mwenye ujuzi wa watoto amsikilize. Labda kuna jambo wewe hulijui. Labda ni haya tu ya kukaa mbali muda mrefu, na siku mbili za mchana zamtosha kabla ya kulala wiki nzima.

Na mwingine: Nimepewa Idd hii, lakini mama yake yu mgonjwa kitandani na mtoto ataka kubaki naye. Mwachie. Mwambie mwangalizi aandike kuwa umeacha siku zako kwa hiari, na kuwa zitafidiwa siku nyingine. Kisha mpeleke mtoto kanzu yake aivae huko huko aliko.

Wallahu aalam.